Sitiari, Jazanda na Alama Zinazopotea

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Sitiari na jazanda hunichanganya kila ninapojibu maswali ya ushairi, na hata nikiitaja tamathali ipasavyo, mwalimu hunipa nusu ya alama tu. Ninakosea wapi? Je, vina na mizani navyo ni tamathali za usemi?

JIBU: Ndugu msomaji, la mwisho ni jepesi. Vina na mizani si tamathali, bali ni sehemu ya arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi, na mahali pake ni kwenye maswali ya umbo la shairi.

Sitiari hulinganisha vitu viwili kwa kukifanya kimoja kuwa kingine, bila maneno ya tashbiha kama vile “mithili ya” au “mfano wa”. Methali isemayo “Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika” ni sitiari, kwa kuwa pande zote mbili zimetajwa waziwazi. Jazanda huficha upande mmoja na kumwachia msomaji aufumbue. Tazama mishororo hii niliyokutungia:

Jahazi limepasuka, maji yaingia ndani,
Nahodha ameshachoka, amelala usukani.

Hapa haikutajwa nchi wala kiongozi, lakini jahazi lililopasuka laweza kuwa taifa lenye mpasuko, maji yakawa matatizo yanayoliingia, na nahodha akawa kiongozi ambaye bado anashikilia cheo ilhali kazi imemshinda. Lau ningesema “nchi yetu ni jahazi”, hiyo ingekuwa sitiari. Wapo walimu wanaoiita jazanda ya namna hii sitiari iliyopanuliwa, nami sioni ubaya, mradi uoneshe jinsi picha moja inavyoendelezwa kutoka mshororo hadi mshororo.

Ama alama zako, naamini hupotea kwa sababu unataja kisha unanyamaza. Katika utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anatuonesha majumba ya mji wa Pate yaliyokuwa yakinawiri kwa taa, na ambamo sasa makinda ya popo yananing’inia. Mwanafunzi akiandika “kuna taswira” amesema kweli, ila hajajibu swali. Inampasa aeleze kwamba nuru ya zamani imewekwa karibu na popo, viumbe wa gizani, ili moyo ambao mshairi anausemesha uone kwa macho jinsi utajiri usivyodumu, na kwamba huko kuusemesha moyo kana kwamba ni mtu mwenye masikio ni tashihisi. Hayo ndiyo anayoyatafuta mtahini, kwani jina la tamathali laweza kukaririwa hata na mtu ambaye hakulisoma shairi.

Basi ukishaitaja tamathali, nakili maneno ya mshairi yanayoithibitisha, kisha andika sentensi moja yenye neno “ili”, ikieleza mshairi aliitumia kwa lengo gani.