Maswali na Majibu: Madhubala, mwigizaji wa filamu za Kihindi

Swali: Je, Madhubala mwenyewe ndiye aliyeimba katika filamu ya Mahal?

Hapana. Wimbo maarufu wa filamu hiyo ya mwaka 1949, Aayega Aanewala, uliimbwa na mwimbaji Lata Mangeshkar, na swali hili limekwisha kujibiwa hapa mara nyingi.

Swali: Kwa nini hakuolewa na mwigizaji mwenzake, Dilip Kumar?

Barua za swali hili huzidi nyingine zote. Mwongozaji B. R. Chopra alipotaka kumpeleka Madhubala karibu na mji wa Bhopal kupiga picha za filamu ya Naya Daur, baba yake Madhubala, Ataullah Khan, aliyesimamia kazi na mapato yake, alimkataza kusafiri. Nafasi yake akapewa Vyjayanthimala, shauri likafika mahakamani, na Dilip Kumar akatoa ushahidi upande wa Chopra. Uchumba haukupona, na mwaka 1960 Madhubala akaolewa na mwimbaji na mwigizaji Kishore Kumar. Wanaomlaumu kwamba alimwogopa mno baba yake wakumbuke kwamba aliingia studio akiwa na umri wa miaka tisa, katika filamu ya Basant ya mwaka 1942, na kwamba ukoo mzima ulikula kwa jasho lake. Linalostahili kuulizwa ni hili: aliwezaje kuendelea kuigiza mapenzi na Dilip Kumar yule yule katika filamu ya Mughal-e-Azam, wakati wao wawili walikuwa hawasemezani tena, na mtazamaji asione ufa hata mmoja? Huo ni ustadi wa kazi, na ndio usioandikiwa barua.

Swali: Mama yangu husema kwamba Madhubala alikufa kwa majonzi. Ni kweli?

Alizaliwa na tundu kwenye moyo. Alipokwenda London mwaka 1960 madaktari hawakukubali kumpasua, kwa kuwa upasuaji wa namna hiyo ulikuwa bado mchanga na hatari yake ilikuwa kubwa. Alidhoofika kitandani kwa miaka, akafariki Bombay tarehe 23 Februari 1969, siku tisa baada ya kutimiza miaka 36. Hadithi ya majonzi ni tamu kusimulia, lakini inaficha ugonjwa ambao leo unatibika, hata hapa Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mtoto anayechoka upesi anaponyonya, au anayegeuka rangi ya buluu midomoni, apelekwe hospitali bila kungoja.

Swali: Nianze na filamu ipi?

Anza na Chalti Ka Naam Gaadi, filamu ya vichekesho ya mwaka 1958. Wengi hukimbilia Mughal-e-Azam, tena ile nakala ya mwaka 2004 iliyotiwa rangi yote, wasijue kwamba filamu ya 1960 ilikuwa na sehemu chache tu za rangi, na kwamba ukumbi wa vioo anamocheza ngoma ulipata uzito wake kwa kuwa ulizuka kutoka katika weusi na weupe. Lakini kwenye vichekesho ndiko anakoonekana mwigizaji kamili: anajua kusubiri, anajua kunyamaza, na uso wake hujibu kabla mwenzake hajamaliza neno. Waliomsifu kwa uzuri peke yake walimpunja.

Swali: Kaburi lake liko wapi? Ningependa kulizuru.

Alizikwa katika makaburi ya Waislamu ya Juhu, mtaa wa Bombay. Kaburi lilibomolewa mwaka 2010 ili wengine wapate nafasi ya kuzikwa, hivyo hutalikuta.