Mnatafuta mtoto na shambani mnapiga dawa? Baba naye apimwe

Ndugu zangu mnaolima nyanya, vitunguu na kabichi, na ninyi kina dada mnaoulizwa kila sikukuu "vipi, bado?", leo nasema jambo ambalo huku kwetu Ilula, mkoani Iringa, watu hulisemea chumbani. Mkikaa mwaka mzima mnatafuta mtoto bila mafanikio, mwanaume naye apimwe. Na akifika hospitali, aeleze anafanya kazi gani na anashika dawa zipi.

Kwetu vipimo vyote vilianzia kwangu. Nilipigwa picha ya mirija, nikanyweshwa mizizi ya kusafisha kizazi, mawifi wakaanza kunong'ona, na muda wote huo hakuna aliyemgusa mume wangu. Nesi mmoja mtu mzima ndiye aliyetamka: "Mama, na baba alete mbegu." Kipimo chenyewe ni chepesi kuliko yote niliyopitia. Mwanaume hukaa siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu, kisha anazitoa kwenye kikopo kisafi, maabara wanazihesabu na kuangalia zinavyoogelea. Shirika la Afya Duniani hutumia mbegu milioni 16 kwa kila mililita ya shahawa kama mpaka wa chini. Za mume wangu hazikufika.

Daktari akamuuliza anapigaje dawa. Bomba letu la mgongoni lilikuwa na mpira uliochoka kwenye kifuniko. Ukiinama kidogo, dawa inachuruzika, inashuka mgongoni, inalowanisha suruali hadi mapajani, na mtu anamaliza mistari yote akiwa hivyo, kisha anakula ugali akiwa na nguo zilezile. Ngozi ya korodani hupitisha dawa mara nyingi zaidi kuliko ngozi ya mkono. Hilo sikuwahi kulisikia popote, na nadhani wapigaji dawa wengi hawajalisikia.

Wapo watakaosema dawa haziwezi kugusa uzazi. Basi wajue habari ya DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni. Mwaka 1977, wafanyakazi wa kiwanda kilichoitengeneza huko Lathrop, California, waligundua wenyewe kwa mazungumzo kwamba wengi wao hawapati watoto. Walipopimwa, wengi walikutwa na mbegu chache mno au hawana kabisa. Na tangu 1961 majaribio ya panya yalikuwa yameonyesha kwamba dawa hiyo husinyaza korodani! Marekani ilizuia karibu matumizi yake yote mwaka 1979, lakini vibarua wa mashamba ya ndizi Costa Rica walikuwa wameshaishika bila kuambiwa hatari yake, na maelfu waliathirika. Walioacha kuishika mapema, baadhi mbegu zao zilirudi. Walioishika miaka mingi, wengi hazikurudi.

Kuna pia utafiti wa wanasayansi Hagai Levine, Shanna Swan na wenzao. Mwaka 2022 walikusanya tafiti za mabara yote, Afrika ikiwemo, wakaona wingi wa mbegu umeshuka kwa zaidi ya nusu kati ya 1973 na 2018. Kemikali ni mmoja wa watuhumiwa, pamoja na sigara na unene, na wanasayansi bado wanabishana. Mimi sisubiri wamalize. Chakula cha moto sikiweki kwenye plastiki, maana zipo kemikali za plastiki zinazovuruga homoni na joto huzitoa upesi. Lakini kwa mkulima, plastiki ni jambo dogo mbele ya bomba linalovuja.

Kwa hiyo tulibadilisha mpira wa bomba kabla ya kitu kingine chochote. Mume wangu anavaa koti la mvua, glavu na buti, anapiga asubuhi upepo ukiwa umetulia, na akimaliza anaoga kabla ya kula. Nguo za dawa nazifua peke yake, kwa glavu, na beseni lake halitumiki kwa kingine. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji hatununui, hata duka la pembejeo likiwa la jirani, kwa sababu haina lebo. Utepe mwekundu kwenye lebo ni hatari zaidi, kisha njano, buluu na kijani.

Kipimo cha pili kilipanda. Siwezi kuapa ni kwa sababu ya bomba tu, maana alitibiwa pia maambukizi, na maambukizi ni sababu kubwa ya ugumba huku kwetu, kwa wanaume na wanawake. Ndiyo maana nasema nendeni wote wawili, na msiache matibabu ya daktari kwa ajili ya ushauri wangu.

Kabla ya kwenda, pigeni picha lebo za dawa zote mnazotumia. Daktari hawezi kujua "ile ya kopo jeupe" ni kitu gani. Mkishabadilisha upigaji, rudieni kipimo baada ya miezi 3, kwa kuwa mbegu huchukua zaidi ya siku 70 kutengenezwa. Mkipima baada ya wiki mbili mtaona zilezile za zamani na kukata tamaa bure.