Nimefundisha miaka 14, bado nisome nini?

SWALI: Habari za kazi. Mi ni mwalimu wa hisabati, huu mwaka wa 14, silabasi iko kichwani hata kitabu sifungui. Mkuu wetu kila kikao ni "jiendelezeni", wenzangu wanakimbilia digrii ya pili na semina za cheti, mi muda sina na hesabu zenyewe hazibadiliki, 2+2 ni 4 tu. Sasa nisome nini jamani?

JIBU: Pole na kazi mwalimu. Kwenye semina nakuunga mkono, nyingi mtu anarudi na cheti na somo lake liko palepale. Ila hapo pa "hazibadiliki" ndo tunapishana. Ni kweli walimu wa sayansi wana presha kuliko wewe, Pluto ilitolewa kwenye orodha ya sayari 2006, kilo nayo ikapewa maana mpya 2019, lakini hesabu zina kina chake.

Chukua 6 kugawanya kwa 2/3. Tunawaambia geuza ya pili uzidishe, mtoto anapata 9 na maksi zake. Akiuliza kwa nini tunageuza utamwambia "ndo kanuni"? Mpe kamba ya mita 6 aikate vipande vya 2/3 ya mita, kila mita ina theluthi 3 kwahiyo jumla ni 18, kila kipande kinakula theluthi 2, vinatoka 9. Yani umezidisha kwa 3 ukagawanya kwa 2, hamna uchawi. Walimu kibao hawajawahi kuonyeshwa hiyo, na digrii ya pili sidhani kama itawarudisha huko.

Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alishaandika 1986 kwamba kulijua somo ni kitu kimoja na kujua namna ya kulifanya lieleweke ni ujuzi mwingine, na humo ndani kuna kujua wanafunzi wanakosea wapi. Anayesema 0.25 ni kubwa kuliko 0.3 hajabahatisha, anaona 25 inaizidi 3, anasoma desimali kama namba nzima, sasa ukimpiga mkasi tu kesho anarudia.

Kwahiyo anzia kwenye madaftari unayosahihisha, ona kosa linalojirudia, lichimbe mpaka ulielewe halafu mbane na mwenzako wa darasa la jirani yeye huwa anafanyaje. Mada ijayo beba "kwa nini" moja, mfano kwa nini 1 sio namba tasa, au hasi mara hasi inakuwaje chanya. Digrii kama unaitaka kwa ajili ya cheo, kasome tu, hakuna ubaya.