Mbolea ya mabaki ya matunda: maji ya maganda peke yake hayatoshi

Mkuu uliyeuliza kuhusu nyanya, nimekusoma vizuri. Unaloweka maganda ya ndizi, embe na nanasi kwenye ndoo ya maji, unatia sukari kidogo, kisha unamwagilia kila baada ya siku mbili. Sasa majani ya chini yanageuka manjano na ndoo inatoa uvundo. Umeshauriwa uongeze kipimo. Nakusihi usiongeze, utaimaliza bustani.

Mimi mabaki ya matunda ndiyo mbolea yangu ya bustani msimu kwa msimu, na nayathamini sana. Ila kuna jambo linalowapita wengi: matunda ni tajiri wa potasiamu na ni maskini wa naitrojeni. Potasiamu husaidia mmea kuchanua, kujaza matunda na kuendesha maji mwilini mwake. Majani ya kijani na shina nene huletwa zaidi na naitrojeni, na hiyo kwenye ganda la ndizi ni kidogo. Ukiulisha mche mdogo maji ya maganda peke yake, unaupa kitu ambacho bado hauna haja nacho sana, na unaunyima kile unacholilia.

Hapo kuna la pili, na nadhani ndilo linaloumiza nyanya zako. Sukari si chakula cha mmea. Mmea hujitengenezea sukari yake kwenye majani kwa mwanga wa jua. Sukari unayomwaga wanaila bakteria na kuvu wa udongoni. Wakipata sukari tele huzaliana haraka, na ili wajenge miili yao wanahitaji naitrojeni, kwa hiyo wanaichukua ileile iliyokuwa udongoni. Mizizi inabaki mikono mitupu kwa muda, mpaka viumbe hao wafe na kuoza. Mmea ukikosa naitrojeni huihamisha kutoka majani ya zamani kwenda machipukizi, ndiyo maana manjano huanzia chini na kupanda juu. Dalili uliyoieleza ni hiyohiyo.

Kuhusu kuloweka maganda kwa maji matupu, siwezi kusema halina faida. Potasiamu imo kwenye ganda kama chumvi iliyoyeyuka katika maji ya seli, haijafungwa mahali, kwa hiyo sehemu yake hutoka upesi ukikatakata na kuloweka. Naitrojeni na sehemu kubwa ya fosforasi zimejengwa ndani ya protini na viungo vingine vya seli, nazo hazitoki mpaka ganda lioze kabisa. Kwa hiyo ukiloweka usiku mmoja ukamwaga maji na kutupa ganda, umetupa sehemu kubwa ya mbolea. Mwaga maji kwenye udongo, na ganda lipeleke kwenye mboji, yaani rundo la mabaki yanayoozeshwa yawe mbolea.

Na mboji ndiko ninakotaka upeleke karibu kila kitu. Watu wanapenda mbolea ya maji kwa sababu ina haraka, lakini bustani hujengwa na mboji.

Matunda yana maji mengi mno, mengi yao zaidi ya asilimia 80. Ukiyarundika peke yake yanakuwa uji, hewa haipiti, na bakteria wasiohitaji hewa wanaanza kazi yao yenye harufu mbaya. Dawa yake ni vitu vikavu: majani makavu, nyasi kavu, mabua yaliyokatwakatwa, hata karatasi za boksi zisizo na rangi ya kung'aa. Kwa hesabu ya mboji tunatafuta uwiano wa kaboni na naitrojeni wa kati ya 25 na 30 kwa 1; namba ikiwa kubwa zaidi, naitrojeni ni kidogo. Mabaki ya matunda yako karibu 35, majani makavu karibu 60, nyasi mbichi karibu 20, samadi ya kuku karibu 10. Vumbi la mbao linapita 300, kwa hiyo liwe la kunyunyiza tu. Ukiziangalia namba hizo utaona kwamba matunda na majani makavu peke yake bado yanakosa naitrojeni. Lazima kitu cha tatu kiingie.

Mimi hupanga hivi: ndoo moja ya maganda yaliyokatwakatwa, ndoo mbili za majani makavu, na ndoo moja ya nyasi mbichi. Kama nina samadi ya kuku, nusu ndoo yake inachukua nafasi ya nyasi. Juu kabisa kila mara iwe safu kavu iliyofunika maganda yote, kwani nzi wadogo wa matunda hufuata ganda lililo wazi. Vibandiko vya plastiki vinavyowekwa kwenye matunda vibandue mapema, maana haviozi, utakuja kuviokota kimoja kimoja kwenye tuta. Jivu la kuni lina potasiamu pia, lakini usilichanganye na samadi mbichi kwa wingi, kwa sababu naitrojeni itapaa hewani kama amonia.

Unyevu uwe kama wa sifongo lililokamuliwa. Ukifinya konzi ya mboji na maji yakachuruzika, ongeza majani makavu na ugeuze. Rundo la mita 1 kila upande hupata joto lake lenyewe, na likifika nyuzi 55 na kubaki hapo siku kadhaa, huku ukiligeuza ili vya pembeni viingie katikati, mbegu nyingi na vimelea vya magonjwa hufa. Ndoo au pipa dogo halifiki huko. Mboji itapatikana, lakini polepole, na mbegu za papai na nyanya zitaota kila utakapoiweka. Zing'oe tu.

Maganda ya machungwa na ndimu watu wanayaogopa bure. Yanaoza, ila yachelewa, kwa hiyo yakate vipande vidogo na usiyajaze rundo zima. Tahadhari ya kweli ni kwa wanaofuga minyoo kwenye boksi, kwani minyoo haipendi asidi na mafuta ya maganda hayo.

Usipeleke mboji bustanini kabla haijaiva. Iliyoiva imepoa, ni nyeusi au kahawia, huwezi kutambua ganda, na inanukia udongo. Mimi humwagia konzi maji kidogo, nikaifunga kwenye mfuko kwa siku chache: ikinuka uchachu au uvundo nikifungua, bado.

Sasa mbolea ya maji, maana najua utairudia. Njia yenye nidhamu inatoka kwa wakulima wa Korea wanaofuata kilimo cha asili. Chukua matunda yaliyoiva sana, matamu, kama ndizi, papai na embe, uache yenye asidi kali. Katakata, pima uzito, kisha changanya na sukari guru au molasi ya uzito uleule. Ndiyo, kilo kwa kilo. Sukari ikiwa nyingi hivyo huvuta maji kutoka kwenye tunda na kuwazuia bakteria waozeshaji, huku hamira za asili zikiendelea kuchachua. Ndoo yako ilinuka kwa sababu sukari ilikuwa kidogo na maji mengi, kwa hiyo uozo ukashinda uchachu. Jaza chombo robo tatu tu na ukifunike kwa kitambaa. Usikaze kifuniko, hasa cha chupa ya kioo, kwa sababu gesi ya uchachu inaweza kuipasua. Kwenye joto, siku 5 hadi 7 zinatosha. Chuja. Harufu sahihi ni ya tunda tamu lenye kilevi kidogo.

Kipimo ndicho kinachookoa au kuua. Sehemu 1 kwa maji 1,000, yaani kijiko kimoja cha chai kwa lita 5. Kwa mimea mikubwa yenye matunda unaweza kufika 1 kwa 500, usipite hapo. Majimaji hayo yana asidi, chumvi na pombe, na yakiwa mazito yanaunguza mizizi. Mwagilia kwenye udongo ambao tayari una unyevu, mara moja kwa wiki, kuanzia maua yanapotokea. Kabla ya hapo sioni sababu. Na potasiamu ikizidi huzuia mmea kufyonza kalsiamu na magnesiamu, hapo nyanya zinaweza kuanza kuoza kitako hata kama kalsiamu imo udongoni.

Kwa maoni yangu, kununua sukari kilo nzima kwa ajili ya maganda hakuna maana. Fanya hivyo ukiwa na matunda mengi yanayoharibika na molasi iko karibu. Vinginevyo mboji inakupa zaidi bila gharama.

Kwa nyanya zako, wiki hii fanya hivi. Acha kumwaga yale maji. Yaliyomo ndooni, pamoja na maganda, yachanganye na majani makavu mengi na uyazike au uyaweke kwenye rundo, mbali na mizizi. Mwagilia udongo maji safi vizuri mara moja ili kupunguza chumvi, mradi maji hayatuami. Kisha weka mboji iliyoiva au samadi iliyooza kabisa, unene wa sentimita 2 hadi 3 kuzunguka shina bila kuligusa, na utandaze majani makavu juu.

Majani yaliyokwisha kuwa manjano hayatarudi kijani, usiyapime hayo. Angalia yanayochipua juu. Yakitoka ya kijani kilichokolea, umefika. Yakitoka manjano huku mishipa ikibaki kijani, hiyo ni shida nyingine, mara nyingi ni upungufu wa chuma unaosababishwa na udongo wenye alkali au unaotuamisha maji. Hapo chimba kidogo pembeni ya mche uone udongo wa chini ukoje, kisha uniambie.