Barua kwa mwanangu aliye Boston

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, na mama yako anasema uvae vizuri, baridi ya huko haina mzaha. Umeniuliza kama ukishakuwa wakili utapaswa kumtetea mtu anayechukiwa na mji mzima, kama wakili John Adams, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alivyowatetea wale askari wa Kiingereza walioua watu hapo hapo Boston. Ndiyo, umtetee. Nimekaa ukarani wa mahakama hapa Tanga miaka 31 nikiamini neno moja: mtu asikilizwe kwanza.

Lakini swali lako limeninyima usingizi kwa jambo jingine. Tazama tarehe. Februari 1770 Adams na mkewe Abigail walimzika binti yao Susanna, aliyekuwa na mwaka mmoja na kidogo. Machi 5 askari wakafyatua risasi, watu watano wakafa, na kesho yake Adams akaikubali kesi huku Abigail akiwa mjamzito. Mei akazaliwa mtoto wa kiume, Charles. Mwisho wa mwaka kapteni akaachiwa, na askari sita kati ya wanane pia. Wawili walionekana wameua bila kukusudia, wakachomwa chapa ya moto kwenye kidole gumba. Hayo mnafundishwa darasani. Mimi nimemfuata huyo Charles.

Akiwa na miaka 9 baba yake alimchukua kwenda Ulaya. Akaishiwa raha kwa kukumbuka nyumbani, ikabidi arudishwe. Alipokua akawa wakili New York, kisha pombe ikamshika. Kaka yake John Quincy, akiwa Ulaya, alimwachia akiba amtunzie, ikapotea. Mwaka 1799 baba mtu, wakati huo rais wa Marekani, akamwandikia mkewe kwamba anamkana Charles. Novemba 30, 1800, Charles akafa, ana miaka 30. Abigail alikuwa amepita kumwona mwezi huo huo. Baba yake hakumwona tena.

Unajua ninakokwenda. Ulikuwa darasa la tano siku baba yako mdogo alipokuja na ile mvua ya masika. Cherehani ya bibi yako alishaiuza, ada yako ya muhula alishainywa. Nikasimama mlangoni nikamwambia, "Hapa huna kaka." Alikuwa amevua viatu asichafue baraza, na mkononi ana mfuko wa rambo. Sikumuuliza kabeba nini. Nikatia komeo. Mimi, niliyeshinda mchana kutwa nikiita watu waingie wakasikilizwe! Mama yako ndiye aliyemfuata Muheza, siku zake zikiwa zimebaki chache.

Najitetea kwamba nilishamwonya mara nyingi, na mlevi ukimfungulia leo, kesho anauza mlango wenyewe. Adams naye alikuwa na uchungu wa mzazi, na pesa zile zilikuwa jasho la mwanawe mwingine. Halafu najirudi. Wale askari walikuwa wameshitakiwa kwa roho za watu watano, akawasikiliza. Charles alikuwa mgonjwa wa pombe. Mtu asikilizwe kwanza, ama neno hili linaishia kwenye ngazi za mahakama?

Nilishaandika hapa Adams alikuwa baba wa namna gani. Nimelikata neno hilo, ingawa ulimi bado unaniwasha. Sikuwa nyumbani kwao, na mwenye kesi kama yangu hakai kiti cha hakimu.

Charles aliacha mabinti wawili. Mmoja, Susanna, alikuwa na jina la yule shangazi aliyezikwa 1770, na Abigail alimchukua akaenda naye Washington. Binamu yako yuko hapa mezani, kidato cha tatu, anapigana na hesabu. Anauliza kama likizo ya Desemba utakuja. Nimemwambia aandike mwenyewe, nawe usome barua yake kabla ya hii yangu.

Baba yako