Usiirudishe hiyo ambulensi yenye vyuma vya gari la maiti

Mkuu, umeuliza kama modeli, yaani kigari kidogo cha kukusanya, ya ambulensi ya Cadillac ya 1959 uliyoipata ni feki, kwa sababu ubavuni ina vile vyuma vilivyopinda kama herufi S, ambavyo sote tunavijua kwenye magari ya maiti. Tulia kwanza. Mimi niliwahi kurudisha moja kama hiyo, na mpaka leo roho inaniuma.

Ilikuwa ya resini (plastiki ngumu ya kumiminwa), skeli 1:43, yaani ndogo mara 43 kuliko gari halisi, kazi ya mikono ya fundi mmoja. Juu ya paa kimulimuli chekundu, lakini nikichungulia ndani naona rola za kusukumia jeneza. Nikamwandikia muuzaji kwamba amechukua gari la maiti akabandika taa. Akanirudishia hela yangu bila maneno mengi.

Ujinga wangu niliujua baadaye. Marekani ya miaka ile, hasa miji midogo, mgonjwa mara nyingi alibebwa na kampuni ya mazishi, maana wao ndio waliokuwa na gari ambalo mtu analala akanyooka. Ripoti ya National Academy of Sciences, taasisi ya wanasayansi ya Marekani, ya 1966 inasema karibu nusu ya huduma za ambulensi nchini humo zilitolewa na watu wa mazishi wapatao 12,000. Cadillac ilitoa chesi ndefu, yaani fremu ya chini ya gari, yenye injini na uso wa mbele. Bodi ilijengwa na wengine, kama Miller-Meteor wa Piqua na Superior wa Lima, wote Ohio. Hao walitengeneza pia gari la kazi mbili. Asubuhi linazika. Simu ya ajali ikiingia, rola zinageuzwa sakafu ibaki tambarare, machela inaingia, taa inapachikwa juu ya paa, safari. Kwa hiyo rola na kimulimuli kwenye gari moja si kosa hata kidogo. Fundi yule aliijua historia kuliko mimi mnunuzi.

Kama unatafuta feki, chukua rula. Chesi ile ya 1959 ilikuwa na inchi 156 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, karibu mita 4, wakati Cadillac ya kawaida ilikuwa na inchi 130. Kwenye 1:43 unatakiwa upate kama sentimita 9.2, ukipata 7.7, mtu kachukua Cadillac ya kawaida akaipandishia bodi. Kwenye 1:18 tafuta sentimita 22. Mimi sasa sinunui bila kuomba kipimo hicho, na picha ya sakafu iliyopigwa kupitia kioo cha nyuma.

Ukishapima, weka picha hapa. Na kama kipimo cha kati ya magurudumu ni sahihi, rola zipo, na bado huitaki, naomba niwe wa kwanza kuulizwa.