Usiende India Mwezi wa Tano: Majibu kwa Wanaokwenda Vijijini

Mwezi huu tumepokea barua nyingi kutoka kwa wasomaji wa kando ya Ziwa walioalikwa India na watoto wanaosoma huko au na marafiki. Hawaulizii Taj Mahal. Wanataka kufika kijijini, walale kwa mkulima, waone anavyolima na anavyofuga. Tumechagua barua sita.

Mwangaluka, wahariri. Nalima pamba ekari nane hapa Magu. Mpwa wangu anasoma Rajkot, Gujarat, na rafiki yake ni mtoto wa mkulima wa pamba. Wamenikaribisha wiki mbili. Nimepata nauli nzuri ya mwezi Mei. Niende?
*Mkulima wa pamba, Magu*

Mwangaluka, mzee wetu. Kama hujalipa, usilipe. Mei ndiyo kilele cha joto Gujarat: nyuzi 40 na zaidi ni kawaida, shamba li tupu, udongo umepasuka, na wenyeji wako watashinda kivulini wakisubiri mvua. Utakula vizuri, lakini pamba hutaiona.

Mvua zao, yaani monsuni, hugusa jimbo la Kerala kusini kabisa mwa nchi karibu na tarehe 1 Juni, kisha hupanda kuelekea kaskazini na kufika Gujarat katika nusu ya pili ya Juni. Pamba ya kutegemea mvua hupandwa hapo. Uchumaji huanza Oktoba na kuendelea hadi Januari, shamba moja likirudiwa mara tatu au zaidi. Kwako wewe, wakati unaofaa ni Oktoba. Vitumba vya chini vimefunguka, vya juu bado ni vibichi, kwa hiyo mti mmoja unakuonyesha hatua zote. Na unarudi Magu kabla ya katikati ya Novemba kuwahi kupanda.

Angalia jambo moja kwenye kalenda: sikukuu ya Diwali. Hufuata mwezi mwandamo na huangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba. Siku hizo treni hujaa, vibarua hurudi makwao, na masoko ya mazao hufungwa siku kadhaa. Ukitaka kuona sherehe, ziwahi. Ukitaka kuona kazi, zikwepe kwa wiki nzima.

Ukifika shambani, anza na udongo. Sehemu kubwa ya Saurashtra, eneo la Gujarat uliko mji wa Rajkot, ina udongo mweusi mzito unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ni ndugu wa udongo wetu wa mbuga, si luseni, kwa hiyo unayoyaona yanalinganishika na mashamba yako ya bondeni, si yale ya kichanga. Halafu pima nafasi. Utashangaa mistari ilivyo mbali, sentimita 90 hadi 120, kwa sababu wanapanda mbegu chotara yenye matawi mengi. Mbegu hiyo hununuliwa upya kila msimu kwa pakiti ya gramu 475, haiwekwi akiba. Tangu mwaka 2002 India imeruhusu pamba iliyobadilishwa vinasaba ili kujikinga na funza wa vitumba, na leo ndiyo iliyoenea karibu kila mahali. Lakini funza mwekundu ameizoea. Muulize mwenyeji wako anang'oa masalia lini. Shamba linaloachwa hadi Februari au Machi ili kuchuma kilo chache za mwisho ndilo linalomlea funza wa msimu unaofuata, na hilo wewe unalijua.

Katika hesabu, usikubali eneo kwa kipimo cha *bigha*, maana hubadilika kutoka sehemu hadi sehemu. Omba ekari, au *guntha*: guntha 40 ni ekari moja. Bei ya pamba hutajwa kwa kwinto, kilo 100, ingawa sokoni Gujarat utasikia pia kipimo cha kilo 20. Laki yao ni laki yetu hiihii, ila huiandika 1,00,000. Usidhani koma imekosewa.

Usiingie shamba lililopuliziwa dawa siku hiyo au jana yake. Mwaka 2017 wilayani Yavatmal, jimbo la Maharashtra, wakulima na vibarua walikufa kwa sumu ya dawa walizokuwa wakipulizia kwenye pamba. Uliza kabla ya kukanyaga, vaa viatu vya kufunika mguu na suruali ndefu.

Habari za kazi, wanangu. Binti yangu ameolewa huko na wakwe zake wako kijijini. Nataka kuwapelekea dagaa na sato mkavu wa hapa Ukerewe. Na nikifika nile vipi nisimwaibishe mtoto?
*Mama wa watoto wanne, Ukerewe*

Shikamoo, mama. Samaki waache nyumbani mpaka umemuuliza binti yako swali moja: wakwe wanakula nyama? Familia nyingi za wakulima, hasa Gujarat na Rajasthan, hazili nyama, samaki wala mayai, na harufu ya dagaa jikoni mwao ni kama kuwanajisia nyumba. Kuna wasiokula hata vitunguu. Wakiwa watu wa pwani au wa Bengal, hapo samaki ni chakula cha heshima, lakini vyakula vibichi na vya kukausha vina masharti yake forodhani. Peleka vitenge, doti moja kwa kila mama wa nyumba, na kahawa ya Kagera iliyokwisha kukaangwa na kusagwa, ikiwa kwenye pakiti iliyofungwa.

Viatu huachwa mlangoni. Jikoni usiingie mpaka uitwe, hata kama nia yako ni kusaidia kuosha vyombo. Katika nyumba nyingi jiko liko karibu na mahali pa ibada. Mkono wa kulia ndio wa kula, kama kwetu. Tofauti iko kwenye mate: kilichogusa mdomo wako hakigusi tena chakula cha wengine. Usichovye kijiko chako kwenye bakuli la pamoja, usimmegee mtu kipande ulichokwisha kukiuma, na maji ya jagi yamimine mdomoni kutoka juu bila midomo kugusa chombo. Jaribu nyumbani kwanza, maana mara ya kwanza hulowesha kifua.

Sahani tupu ni ombi la kuongezewa. Kwa hiyo anza na kidogo, na ukishiba funika sahani kwa kiganja huku ukitikisa kichwa. Kuacha chakula kwenye sahani ndiko kunakouma. Mkate wao wa uwele, *rotlo*, huliwa na samli na sukari guru. Aliyelelewa kwa ugali wa uwele hatauona mgeni. Pilipili ikizidi, sema "*mirch kam*".

Maji kunywa yaliyochujwa au ya chupa ambayo umeifungua mwenyewe. Chai ni salama kwa sababu imechemka. Maziwa mgando yaliyopigwa, *chaas*, ni matamu sana kwenye joto, lakini huongezwa maji, na hayo ndiyo huwaangusha wageni siku ya pili. Beba pakiti kumi za chumvichumvi ya kuhara.

Siku ya kuondoka usimwekee baba mkwe noti mkononi. Wape watoto wa nyumba bahasha yenye rupia 101 au 501. Ile moja ya mwisho ina maana: hesabu haikufungwa, uhusiano unaendelea.

Nahitaji karatasi gani? Nimeambiwa viza ni ya mtandaoni tu.
*Mwalimu, Nyegezi*

Ndiyo, Mtanzania anaomba viza ya kielektroniki mwenyewe, lakini hakikisha anwani ya tovuti inaishia na gov.in. Tovuti za kuiga zipo na hutoza mara dufu. Pasipoti iwe na miezi 6 mbele na kurasa mbili tupu. Picha iwe ya mraba, nyuma kweupe. Ukurasa wa pasipoti uwe PDF isiyozidi KB 300. Wengi hukwama hapohapo kwenye uzito wa faili. Omba angalau siku 4 kabla, na sisi tunasema wiki mbili, kwa sababu kosa la herufi moja ya jina hukurudisha mwanzo na ada hairudi. Viza ya utalii ni ya kutembea na kuona ndugu. Kama nia ni kununua mashine ya jineri au kusaini mkataba, omba ya biashara.

Beba kadi ya njano ya chanjo. Chanjo ya homa ya manjano huhesabika kuanzia siku ya 10 baada ya kudungwa. Anayedaiwa kadi akafika bila nayo, au akafika siku ya 7 tangu adungwe, anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Ukidungwa mara moja, kadi ni ya maisha.

Na hili husahaulika na wageni wa kijijini: mwenyeji anayemlaza mgeni wa nje, hata kama ni nyumbani kwake na si hotelini, anatakiwa kutoa taarifa kwa ofisi ya uhamiaji ndani ya saa 24. Hufanyika mtandaoni. Mkumbushe kabla hujafika, maana atakayesumbuliwa ni yeye. Ukifika, mwombe akupeleke kumsalimia *sarpanch*, mwenyekiti wa kijiji chao. Ni adabu, na baada ya hapo hakuna atakayekuuliza shambani umetumwa na nani.

Shikamooni. Mimi ni kijana wa Misungwi. Nikishuka Mumbai naendaje kijijini, na hela je?
*Msomaji wa Misungwi*

Marahaba, kijana. Kama kijiji kiko Gujarat, Mumbai hadi Ahmedabad, jiji kubwa la jimbo hilo, ni takriban kilomita 490 kwa treni. Kutoka hapo ni basi la jimbo hadi mji mdogo, kisha bajaji ya kuchangia.

Tiketi za treni hufunguliwa siku 60 kabla. Mwachie mwenyeji wako akukatie, lakini jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, na pasipoti yenyewe uwe nayo ndani ya behewa. Herufi WL maana yake uko kwenye foleni: zikibaki hivyo hadi orodha ya mwisho itoke, tiketi ya mtandaoni hujifuta na huna ruhusa ya kupanda. RAC unapanda, ila unagawana kiti na mwenzako. Daraja la 3A lina kiyoyozi na shuka. Sleeper lina madirisha wazi na vumbi. Chukua kufuli na mnyororo mwembamba wa begi.

Saa zao husomwa kuanzia usiku wa manane. Tiketi iliyoandikwa 00:20 tarehe 12 ni usiku wa kuamkia tarehe 12, uwe stesheni jioni ya tarehe 11. Wapo wanaofika siku nzima baadaye. Nao wametutangulia saa mbili na nusu: kwetu saa 2 asubuhi, kwao ni saa 4 na nusu.

Kuhusu hela, hata muuza nyanya kijijini hulipwa kwa simu kwa kupiga picha alama ya mraba, lakini mfumo huo umefungamana na benki za kwao. Wewe tembea na noti za rupia 10, 20, 50 na 100. Noti ya 2,000 iliondolewa kwenye mzunguko mwaka 2023, ukipewa, ikatae. Plagi ya meno matatu bapa haiingii kwenye soketi zao za matundu ya mviringo, nunua adapta.

Nina ng'ombe wa maziwa sita Sengerema. Nisikie nini kuhusu Anand?
*Mfugaji, Sengerema*

Nenda. Anand iko kati ya Ahmedabad na Vadodara, na ushirika wa maziwa wa wilaya ya Kaira uliosajiliwa huko mwaka 1946 ndio uliozaa Amul. Kiwanda ni kizuri, ila somo lako liko kijijini kwenye kituo cha kupokea maziwa. Fika saa 12 asubuhi au jioni, maana hupokelewa mara mbili kwa siku. Mama analeta lita tatu, maziwa yanapimwa, sampuli inaingia kwenye mashine ya kupima mafuta ya maziwa, anapewa risiti. Bei hufuata mafuta, siyo lita peke yake. Ndiyo maana nyati wa kufugwa, mwenye mafuta asilimia 6 hadi 7, anapendwa kuliko ng'ombe wa asilimia 4, na ndiyo maana kuongeza maji hakumfaidishi mtu. Muulize katibu wa kituo kuhusu chakula cha mifugo na uhimilishaji. Mara nyingi hupatikana kupitia ushirika huohuo.

Ukilala kijijini, lala kitandani chini ya chandarua, kamwe usilale sakafuni. Nyoka aitwaye krait huingia ndani usiku, na kuumwa kwake hakuumi, mtu huamka akiwa hawezi kufumbua macho. Usichanje, usifunge kamba. Gujarat piga 108, namba ya gari la wagonjwa, na uende hospitali kubwa ya serikali. Ukiumwa na mbwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha chanjo siku hiyohiyo.

Nalima dengu Kwimba. Naweza kurudi na kilo mbili za mbegu yao kwenye begi?
*Mkulima wa dengu, Kwimba*

Hapana, ndugu yetu, hata kiganja kimoja. Mbegu huingia nchini kwa kibali cha TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu, na cheti cha afya ya mimea kutoka zilikotoka, kwa sababu magonjwa ya mnyauko na wadudu wa ghalani husafiri ndani ya punje inayoonekana safi. Pamba yao ya vinasaba ndiyo usiiguse kabisa, hairuhusiwi kulimwa hapa.

Fanya hivi. Dengu huko hupandwa Oktoba na Novemba kwa unyevu uliobaki kwenye udongo mweusi, kama sisi tunavyopanda mvua zikiisha. Piga picha ya lebo ya mfuko wa mbegu, andika jina la aina, tarehe ya kupanda, nafasi na mavuno kwa ekari. Kabla ya safari pita kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru uulize kuhusu Ukiriguru 1 na Mwanza 1. Aina hizo za dengu zilitokana na mbegu za ICRISAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mazao kilichopo Patancheru karibu na Hyderabad, zikajaribiwa hapa kwetu kwanza. Ukizipanda msimu huu utajua cha kuulizia utakapokuwa shambani kwa Mhindi.